Siku nane katika njia ya ngamia: Adelaide hadi Alice Springs

Siku ya kwanza: Adelaide

Miaka sita nimeswali Ijumaa katika msikiti wa Little Gilbert Street bila kuuliza walioujenga ni akina nani. Nilidhani ni wahamiaji wa juzijuzi kama sisi. Kumbe jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1888, na minara yake minne ikaongezwa 1903, wakati reli ya kwetu ilikuwa ndiyo kwanza imetimiza miaka miwili tangu ifike Kisumu. Waliochanga fedha za ujenzi walikuwa watu wa misafara ya ngamia, walioletwa Australia kutoka pande za Afghanistan na Karachi kubeba mizigo jangwani, na kiongozi wao wa dini, Hajji Mullah Merban, ndiye aliyesimamia kazi. Walikuwa wakitoka jangwani baada ya miezi mingi, wanafika hapa kupumzika, kuuguza miili, wengine kufa. Waislamu wa Bosnia waliohamia mji huu baada ya Vita Kuu ya Pili waliwakuta bado wazee wachache wenye vilemba, waliobaki peke yao na msikiti wao.

Ndiyo sababu ya safari hii. Nimefuatana na shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Mombasa. Leo baada ya adhuhuri tulikaa barazani mwa msikiti, nikamwonyesha karatasi niliyoichapisha kutoka hifadhi ya nyaraka za taifa.

Ni cheti cha mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1901 Australia ilipitisha sheria ya kuzuia wahamiaji wasio weupe. Sheria haikutaja rangi. Ilisema tu kwamba ofisa anaweza kumsomea mgeni maneno 50 katika lugha yoyote ya Ulaya, naye ayaandike. Lugha anaichagua ofisa. Ukijua Kiingereza, utasomewa Kijerumani. Kwa hiyo mtu wa ngamia aliyeishi huku miaka 20, akitaka kwenda kumzika mamake na kurudi, ilimbidi kwanza aombe cheti cha kumwondolea mtihani huo. Kwenye cheti kuna picha yake ya uso na ya ubavu, na nyuma, alama ya kiganja kizima kwa wino mweusi.

Shemeji aliishika ile karatasi muda mrefu. Vidole vimetanuka, mistari ya mkono inasomeka yote, na katikati, pale kiganja kinapobonyea, pamebaki peupe kwa sababu wino haukugusa.

"Mkono wa kazi huu, shemeji," akasema. "Tazama kidole gumba kilivyo kipana."

Nimekuwa nikilifikiria jambo hilo tangu mchana. Katika vitabu vya safari za uvumbuzi watu hawa wameandikwa "Muafghani" basi, kana kwamba ni sehemu ya mizigo. Karatasi iliyojitaabisha kuandika jina, urefu, kovu na alama za vidole vyao ni hii iliyotengenezwa ili wasirudi.

Siku ya pili: Port Augusta na Beltana

Tuliondoka alfajiri. Kufika Port Augusta ni zaidi ya kilomita 300 za mashamba ya ngano, halafu bahari inaingia ndani kama kidole na kuishia hapo. Katika bandari hii, mwaka 1866, Thomas Elder, mfanyabiashara tajiri, aliteremsha ngamia zaidi ya 100 na wanaume 31 kutoka Karachi. Miaka sita nyuma yake ngamia 24 wengine walikuwa wameletwa Melbourne kwa ajili ya msafara wa uvumbuzi wa Burke na Wills, msafara ambao kila mtoto wa shule nchini hapa anaujua kwa sababu viongozi wake walikufa. Mmoja wa waongoza ngamia wa msafara ule, Dost Mahomet, alivunjwa mkono na ngamia dume, akabaki kilema hadi alipofariki na kuzikwa karibu na Menindee. Huyo hafundishwi shuleni.

Nilimwambia shemeji kuhusu Karachi, naye akanikatiza: "Si bandari ileile ya makuli wa reli yetu?" Ndiyo, ileile. Miaka 30 baada ya ngamia wa Elder, Karachi ilianza kupakia vibarua wa reli ya Uganda, zaidi ya 30,000 kwa jumla, na meli zao zikatia nanga Mombasa. Sisi tumekua tukipita kila siku kwenye maduka na misikiti ya wajukuu wao. Bahari moja iliwagawa watu wa pwani moja: hawa wakaja kwetu kutandika reli, wale wakaja huku kufanya kazi ambayo reli ilikuwa bado haijaifikia.

Na waliitwa Waafghani wote, hata wasiokuwa Waafghani. Wamo Wapashtuni wa Afghanistan, ndiyo, lakini wamo pia Wapunjabi, Wasindhi na Wabulushi. Hapo shemeji akacheka kwa furaha. Wabulushi tunawajua, waliletwa kwetu na masultani wa Omani kuwa askari, na hadi leo wana msikiti wao Makadara. Jirani yetu wa utotoni alikuwa Mbulushi, na ndiye aliyemfundisha shemeji kuendesha baiskeli.

Beltana tulifika jioni. Hapa Elder aliwazalisha ngamia wake, baada ya upele kuwaua wengi miezi ya mwanzo. Leo ni nyumba chache za mawe na upepo. Tulilala kwenye hema, baridi ya Julai ikiingia hadi mifupani.

Siku ya tatu: Farina

Mji huu uliitwa Government Gums, kisha 1878 ukabadilishwa jina na kuitwa Farina, neno la Kilatini la unga, kwa kuwa wakulima waliamini mvua itafuata jembe na hapa patalimwa ngano. Mvua haikufuata. Imebaki mifupa ya mji: kuta za mawe zisizo na paa, posta, hoteli, na tanuri la mikate lililochimbwa chini ya ardhi. Watu wa kujitolea wamelifufua tanuri hilo na huoka kwa wiki chache kila msimu wa baridi. Tulinunua mkate ungali moto, tukaula kwa mikono njiani kuelekea makaburini.

Makaburi ya Waislamu yako upande wao. Hatukukaa, maana jua lilikuwa linashuka na tulitaka kuingia Marree kabla ya giza. Ila nimeandika hili ili nisilisahau: kutoka hapa misafara iliondoka na unga, chai, sukari, nyaya, mabati, hata piano, na kurudi na marobota ya sufu. Ngamia dume mwenye nguvu hubeba hadi kilo 600. Sisi Waswahili tunamjua ngamia wa kinu cha kukamulia mafuta ya ufuta, anayezunguka amefungwa macho, na siku hizi ngamia wa ufukweni anayebeba watalii. Ngamia 70 wakiwa wameunganishwa mkia kwa pua, kila mmoja na shogi yake, hatujawahi kuwaona.

Siku ya nne: Marree

Siku nzima tumekaa hapa.

Marree ni mji mdogo sana na ulikuwa umegawanywa na reli. Reli ilifika 1884. Upande mmoja wa njia waliishi wazungu, na hoteli yao ya ghorofa bado imesimama. Upande wa pili waliishi watu wa ngamia pamoja na wenyeji wa asili, Waarabana, Wadieri na wengine. Hakuna aliyehitaji ukuta, chuma cha reli kilitosha. Upande ule wa pili ulikuwa na maduka, mazizi, bustani na msikiti, ambao ni miongoni mwa misikiti ya mwanzo kabisa kujengwa Australia.

Msikiti wenyewe uliporomoka zamani. Waliojenga mfano wake wameusimamisha karibu na stesheni ya zamani: kibanda cha miti na udongo, paa la nyasi, na kando yake birika la kutawadhia. Ukikisimamisha kile kibanda Lamu vijijini hakuna atakayekiona kigeni. Tuliingia kwa kuinama. Shemeji alitaka kuswali rakaa mbili, simu haina mtandao, akasimama kwa mazoea akielekea kaskazini.

"Siyo huko," nikamwambia.

Kwetu kibla ni kaskazini hasa. Makka na Mombasa ziko karibu kwenye mstari mmoja, hata wazee wanaposema "upande wa kibla" wana maana ya kaskazini. Hapa Makka iko magharibi. Jua la Julai linapozama, elekea hapo kisha jivute kidogo kushoto. Shemeji alicheka, akageuka, akakabili jangwa.

Mchana tulikwenda makaburini, nje ya mji. Yamegawanywa sehemu tatu: wazungu, wenyeji wa asili, na Waislamu. Hata baada ya kufa mgawo ule wa reli uliwafuata. Upande wa Waislamu ni changarawe na vumbi jekundu, makaburi yamezungushiwa mawe, baadhi yana vibao vyenye maandishi ya Kiarabu, mengi hayana kitu. Nilitembea polepole nikiangalia yalivyolala. Kwetu maiti huwekwa kichwa mashariki, ubavu wa kulia, uso kaskazini. Hawa vichwa viko kaskazini, miguu kusini, nyuso magharibi. Aliyechimba kaburi la kwanza hapa ilibidi asimame kwenye uwanda huu usio na mnara wala njia ya kupimia isipokuwa jua na nyota, aamue, kisha awageuze wenzake kuelekea huko kwa miaka yote iliyofuata. Hawakukosea.

Shemeji alianza kusoma Fatiha, akanyamaza.

"Hili halina jina. Nisome kwa nia ya nani?"

"Msomee aliyelala hapa, shemeji. Mwenyewe anajulikana."

Katika mji huu aliishi na kufariki Bejah Dervish, Mbulushi, aliyekuwa askari katika jeshi la India kabla hajavuka bahari. Mwaka 1896 alikwenda na msafara wa uvumbuzi wa Calvert kupitia jangwa la kaskazini-magharibi chini ya Lawrence Wells. Safari ilikuwa mbaya: wanaume wawili, mmoja wao binamu ya Wells, walitengana na wenzao na kufa kwa kiu. Bejah ndiye aliyewatunza ngamia hadi msafara ukatoka, na mwishowe Wells alimpa dira yake mwenyewe. Ukijua jangwa, utajua maana ya mtu kukupa dira yake. Bejah alirudi Marree, akaoa, akaongoza misafara, akapanda mitende, akafa mwaka 1957. Mwanawe Jack alikuwa miongoni mwa waliomvusha mwanajiolojia Cecil Madigan jangwa la Simpson mwaka 1939. Jangwa hilo limepewa jina la mfadhili wa safari, mwenye kiwanda cha vyombo vya nyumbani.

Jioni mama mmoja mtu mzima alitukuta tumekaa chini ya mtende. Alituuliza tunatoka wapi. Tulipomwambia pwani ya Kenya, akatuuliza kama tuko Waislamu, tukasema ndiyo. Akasema babu wa mamake alikuwa mtu wa ngamia, na bibi alikuwa Muarabana. Jina la babu halijui vizuri, maana liliandikwa kwa tahajia tatu katika karatasi tatu za serikali. Anachokumbuka kwa hakika ni kwamba mamake alikataa nguruwe maisha yake yote, na chapati alikuwa akizipika juu ya bati, akizigeuza kwa vidole bila kuungua.

"Alisema sala gani kabla ya kula?" shemeji aliuliza, nami nikamtafsiria.

Mama akafikiri, kisha akalitamka neno polepole kama mtu anayepapasa kitu gizani: "Bismilla."

Tulinyamaza sote watatu.

Siku ya tano: Marree hadi William Creek

Kilomita 204 za vumbi, kokoto na pancha moja. Gari tulilokodi lilikuwa na tairi la akiba lililochoka, na tulipolifunga tukaendesha kwa mwendo wa punda.

Njia hii inafuata chemchemi. Maji ya bonde kubwa la chini ya ardhi yanapanda yenyewe hapa katikati ya ukame, na kila baada ya masafa fulani unakuta kichuguu chenye kisima juu yake kinachobubujika. Waarabana walizijua chemchemi hizi zote, kwa majina na kwa nyimbo, maelfu ya miaka. Wapelelezi wa kizungu wakazifuata. Kisha ikaja laini ya telegrafu, simu ya maandishi kwa waya, iliyokamilika 1872, kilomita 3,200 kutoka Port Augusta hadi Darwin, na ngamia walisaidia kubeba vifaa vyake. Kisha reli. Wote walipita kwenye maji ya Waarabana, na Waarabana wenyewe mahakama iliwatambua kuwa wenye ardhi hii mwaka 2012. Nimeona niseme wazi: watu wa ngamia nao walikunywa maji hayo, na mifugo yao ilivichafua visima. Waliodhulumiwa wanaweza pia kuwa wameingia kwenye dhuluma iliyoanzishwa na wengine. Lakini kati ya wote waliopita, wao ndio wengi wao walioa huku, wakazaa, na wakazikwa hukuhuku.

Coward Springs tulikuta mitende kando ya maji. Nililala chini yake dakika kumi nikihisi niko Oman kwa shangazi.

Siku ya sita: Oodnadatta

Kabla ya mji kuna daraja la Algebuckina, mita 578 za chuma juu ya mto ambao leo ulikuwa na madimbwi tu. Treni hazipiti tena. Tulitembea chini yake, na hapo ndipo shemeji alisema jambo ambalo nimelizunguka tangu Adelaide.

"Hivi vyuma vilibebwa na nani?"

Vingine vililetwa na reli yenyewe ilivyokuwa ikisonga. Lakini mahema, maji, chakula cha vibarua na vifaa vya mbele ya reli vilikuwa juu ya migongo ya ngamia. Reli ilifika Oodnadatta 1891 na kusimama hapo miaka 38, na kwa miaka hiyo karibu kila kilichokwenda kaskazini hadi Alice Springs kilipakiwa ngamia. Mwaka 1929 reli ikafika Alice Springs. Kazi ikaisha. Kwetu wapagazi wa Wanyamwezi na Waswahili waliobeba mizigo ya Wazungu hadi maziwa makuu, walipatwa na jambo hilohilo reli ilipopanda bara.

Tofauti ni kwamba hawa hawakuwa na kijiji cha kurudia nchini humu, wala ruhusa ya kuwa raia. Sheria ya uraia ya 1903 ilimkataza mwenyeji wa Asia, Afrika au visiwa vya Pasifiki, isipokuwa New Zealand, hata kuomba. Afrika imetajwa mle. Mimi niliapa kiapo cha uraia katika ukumbi wa manispaa, nikapewa mche wa mti na chai, na sikujua kwamba neno hilo liliwahi kuwa mlangoni.

Tena 1925 bunge la South Australia lilipitisha sheria ya kuangamiza ngamia, polisi wakaruhusiwa kuwapiga risasi wanaorandaranda. Mzee aliyemlea mnyama tangu ndama, akampa jina, akalala ubavuni mwake usiku wa baridi kama ya jana, aliambiwa amuue. Wengi waliwafungua hatamu na kuwaachia jangwani. Wajukuu wa ngamia hao ndio makundi ya porini ya leo. Januari 2020, wakati wa ukame, zaidi ya 5,000 walipigwa risasi kutoka kwenye helikopta kwa siku tano, kwa sababu walikuwa wakivamia maji ya vijiji vya wenyeji. Ninaelewa sababu. Sikuweza kumweleza shemeji bila sauti kukwama.

Siku ya saba: njiani

Kilomita 212 hadi Marla, halafu lami, zaidi ya kilomita 450. Tuliona ngamia wanne mbali upande wa mashariki. Tulisimamisha gari. Waligeuza vichwa wote kwa pamoja, wakatutazama, wakaendelea kula majani ya mgunga.

Siku ya nane: Alice Springs

Asubuhi tulikwenda stesheni. Treni ya Ghan, ambayo jina lake ni kifupisho cha Waafghani hawa, siku hizi inapita njia mpya na kufika hadi Darwin tangu 2004. Ubavuni ina nembo ya ngamia na mtu juu yake. Abiria walikuwa wakiteremka na mizigo yao. Nilimuuliza mzee mmoja mwenye kofia pana kama anajua jina la treni limetokana na nini. Alijua. Akataja pia kwamba William Gosse, wazungu wanayemsifu kwa kupanda mwamba wa Uluru mwaka 1873, alipanda na mwongoza ngamia wake Kamran. Nikampa mkono. Nilikuwa nimejiandaa kumfundisha.

Kisha makaburi ya zamani ya mji, mahali alipozikwa pia mchoraji Albert Namatjira. Makaburi ya watu wa ngamia yamewekwa kando, yakielekea magharibi kama yale ya Marree. Mara hii shemeji hakuuliza. Alivua viatu akasimama kaburi la kwanza, akasoma, akaenda la pili. Mimi nilifuata nyuma nikitamka majina yaliyosomeka.

Tulipokuwa tukitoka, shule moja ya mtaa wa mashariki ilikuwa imefunguliwa mlango, watoto wanamwagika barabarani wakipiga kelele. Mtaa ule unaitwa Sadadeen, kwa jina la mwongoza ngamia Charley Sadadeen aliyekuwa na mifugo yake huku. Msichana mmoja wa Kiaboriginali, mkoba mgongoni, alikuwa akimwita mwenzake aliyetangulia, na dereva wa basi dogo alitoa kichwa dirishani akauliza nani na nani wanakwenda Sadadeen.

Mikono kama kumi ikanyanyuliwa.